Kishindo cha Saba Mara Sita

Wanafunzi walimwita Bi Kishindo, wakidhani hajui. Alijua tangu mwaka wa pili wa kazi, akajitia hamnazo, na nikwambie ukweli, jina lilimpendeza. Mwanamke mwembamba kama fimbo ya kuonyeshea ubaoni, ukimsukuma kwa kidole anayumba, halafu watoto wakupe jina la kishindo! Kuna walimu wanaitwa Tambi, wengine Bwana Pua, na hivyo hivyo wanaitwa mpaka wanastaafu.

Jina lilitokana na namna yake ya kufundisha kuzidisha, na hapa niache nieleze taratibu, maana yote yaliyofuata yalianzia hapo. Darasa lake la tatu lilikuwa na watoto arobaini na wawili. Aliwapanga safu sita, kila safu watoto saba, ya kwanza mlangoni, ya sita dirishani. Chaki haikuguswa. "Safu ya kwanza!" Watoto saba wanasimama, wanakanyaga sakafu kwa pamoja, puu! "Saba!" Safu ya pili inadakia, sasa zinakanyaga zote mbili, puu! "Kumi na nne!" Ya tatu inaingia, ya nne, ya tano, kila mara kishindo kinanenepa, hadi safu ya dirishani inasimama na darasa zima linashusha mguu mmoja. "Arobaini na mbili!" Akitaka jedwali la tatu, walisimama watatu watatu wa kila safu. La tano, watano watano. Mtoto hakuhitaji kuelezwa kwamba kuzidisha ni mafungu yaliyo sawa yanayoongezeka. Aliyasikia yakija, yakampanda kutoka unyayoni.

"Kichwa kikisahau, uliza mguu," alikuwa akiwaambia.

Na walikuwa wanauliza. Watu wazima wa mtaa ule, ukitaka kujua nani alipita kwa Bi Kishindo, mtazame fundi cherehani anapopiga hesabu ya vifungo vya mashati manane. Mguu wake unagonga chini ya meza. Muuza duka anagonga. Nesi wa zahanati anahesabu vidonge vya siku saba huku kiatu chake kinasema tap, tap, tap. Hawajijui. Bi Kishindo aliwaona, akapita akitabasamu peke yake kama aliyepewa zawadi.

Miaka ishirini na mbili alifundisha hivyo katika chumba cha chini, sakafu ya saruji iliyolala juu ya udongo. Ukanyage utakavyo, ardhi haina habari nawe.

Mwaka ule shule ikapata ghorofa. Vyumba vya zamani viliongezewa vingine juu yake, na kazi alipewa fundi mmoja mcheshi sana, shemeji yake Mwalimu Mkuu. Darasa la tatu likapandishwa juu. Chumba kipya kilikuwa kinanukia rangi, sakafu yake imechorwa miraba mikubwa kwa mistari iliyonyooka, nguzo moja nene imesimama katikati. Bi Kishindo alipanda ngazi siku ya kwanza akiwa amevimba kichwa kidogo, tumsamehe. Chini yake, katika chumba chake cha siku zote, wakawekwa darasa la kwanza, watoto wa miaka sita, chini ya mwalimu mpya. Mwalimu mpya mwenyewe alikuwa mtoto wa mdogo wake, binti aliyemlea tangu anaota meno. Nyumbani alimwita Mama Mkubwa. Shuleni alitakiwa kumwita Mwalimu, lakini ulimi ulikuwa unateleza.

Wiki ya tatu binti alipanda juu wakati wa mapumziko, nywele zake zina weupe.

"Mama Mkubwa, samahani. Mwalimu. Mkianza kukanyaga huko juu, sisi chini vumbi linatuangukia. Watoto wanafungua madaftari, yamejaa unga."

"Hilo vumbi la chaki."

"Chaki itoke darini?"

"Jengo jipya hilo, mwanangu, linajipangusa. Funika madaftari."

Binti akashuka. Hivi ndivyo alivyojibiwa, na mimi sitampaka mtu mafuta hapa: Bi Kishindo hakutaka kusikia. Mtu akifanya jambo moja vizuri maisha yake yote, ukimwambia lina kasoro anakusikia kama unamtukana mama yake.

Aliyemfungua macho ni mtoto. Darasani mwake palikuwa na msichana mdogo wa safu ya dirishani waliyemwita Rula, kwa sababu rula ya mbao haikutoka mkononi mwake. Alipimia mkate, alipimia masikio ya wenzake. Siku moja baada ya kengele alibaki, amepiga magoti chini ya dirisha.

"Umeangusha nini?"

"Sijaangusha, Mwalimu. Napima ufa."

Bi Kishindo akainama. Ulikuwepo kweli, mwembamba kama uzi, umetoka ukutani chini ya dirisha na kwenda moja kwa moja kuelekea nguzo ya katikati. Pembeni yake palikuwa na alama za penseli, ndogo ndogo, kila moja na tarehe.

"Kila mraba mmoja ni sawa na rula yangu," mtoto akaeleza, na raha ya mtu aliyegundua kitu ilikuwa usoni mwake. "Na ufa unachukua siku sita za shule kuvuka mraba mmoja. Nimeangalia, ni sita kila mara, haukosei. Na mpaka kwenye nguzo imebaki miraba mitatu." Akagonga mguu polepole, mara tatu. "Sita mara tatu. Siku kumi na nane, Mwalimu. Nimepata?"

Bi Kishindo moyo ulimpasuka. Alikuwa anasimamia watoto waimbe majedwali mpaka koo ziwakauke, na ni wangapi waliowahi kwenda nyumbani wakayatumia kwa jambo la kweli? Huyu alikuwa ametumia. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani mtoto awe amekosea.

"Umepata," alisema.

Akampeleka mtoto mpaka langoni, akarudi juu peke yake. Alisimama karibu na dirisha, akanyanyua mguu, akaushusha kidogo tu. Mlio uliorudi haukuwa wa puu. Ulikuwa mwembamba, na chini yake kulikuwa na kitu kingine, kama mtu anavunja biskuti ndani ya mfuko. Akashuka ngazi ameshika ukuta. Katika chumba cha chini binti alikuwa anafuta meza za watoto wake, na kitambaa kilikuwa cheupe.

"Mwanangu," akamwambia, "nisamehe. Si chaki."

Siku ya pili yake aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mnene wa maneno laini, aliyependa kusema "tutalitazama" huku akitazama kwingine.

"Ufa? Kila nyumba ina ufa, Mwalimu. Hata mimi nina ufa." Akaonyesha kisigino, akacheka.

"Unakwenda kwenye nguzo. Chini wamekaa watoto wa miaka sita."

"Nitamwita fundi."

Fundi alikuja na ndoo na mwiko. Akapiga magoti, akagusa, akasema ni lipu tu, saruji ikikauka lazima ikunje uso kidogo, akaziba ufa wote kwa ukoko mpya, akapangusa mikono. Kazi ya nusu saa. Alipotoka sakafu ilikuwa nzuri, nyororo, na alama za penseli za Rula zimefunikwa zote. Bi Kishindo alitazama pale mahali akaona afadhali angeuona ufa wenyewe. Siku mbili baadaye Rula alimvuta sketi, akamwonyesha kwa rula bila kusema. Uzi ulikuwa umerudi juu ya saruji mpya, na haukuwa umeanza upya kutoka ukutani. Ulikuwa umetokea mbele zaidi, ulikokuwa umeishia.

Hapo Bi Kishindo akapiga moyo konde. Akawaambia watoto kwamba kukanyaga sasa basi. Wakakaa wameduwaa kama walionyang'anywa chakula.

"Tutazidisha kwa vifungo," alisema. Alikusanya vifungo vya nguo kwa fundi cherehani, akawapa kila dawati, wavipange safu safu kimya kimya. Watoto walipanga. Walihesabu kimoja kimoja, walipoteza hesabu, walianza tena. Miguu yao chini ya madawati ilikuwa inatetemeka kama ya mtu anayetaka kwenda haja. Akiuliza tano mara nne, walitazama viatu vyao. Na yeye, kwa miaka ishirini na mbili, hakuwahi kujiuliza itakuwaje siku miguu ikinyamaza.

Sasa sikia balaa. Wiki hiyo hiyo alikuwa anakuja mkaguzi, na sifa za darasa la tatu zilikuwa zimemfikia. Mwalimu Mkuu alishaahidi.

"Atataka kuona ule mtindo wako," alisema. "Waambie wakanyage vizuri, jengo jipya alisikie."

"Sitawakanyagisha pale juu. Nipe uwanja, nitawaonyesha uwanjani."

"Mgeni akae juani aangalie vumbi? Mwalimu, usiniletee visa."

Mkaguzi alikuja na miwani yake na daftari lake, akakaa nyuma ya darasa karibu na dirisha, kiti chake kimekanyaga ule uzi. Bi Kishindo alifundisha kwa vifungo. Nasema alifundisha, lakini lilikuwa jambo la kusikitisha. Mkaguzi akauliza swali jepesi, la kumpa mtoto nafasi ya kung'ara: saba mara sita? Darasa zima likanyamaza. Hesabu yao wenyewe, idadi yao wenyewe waliokaa pale! Kijana mmoja wa safu ya pili akasema thelathini na kitu. Mwingine akaanza kugonga mguu, akamtazama mwalimu wake, akauacha hewani. Mkaguzi akaandika. Mwalimu Mkuu alikuwa anatoa jasho kwenye kola, na macho aliyomkata Bi Kishindo hayasimuliki.

Bi Kishindo alisimama mbele ya watu, akasema kwa sauti, "Bwana Mkaguzi, sakafu hii si salama." Na Mwalimu Mkuu akacheka kabla mgeni hajageuka, akasema mwalimu wetu umri unakwenda, hajazoea ngazi. Mkaguzi naye akatabasamu, kwa sababu alikuwa na shule nyingine mbili siku hiyo.

Jumatatu akakuta karatasi mezani kwake. Kuanzia siku hiyo angefundisha darasa la kwanza, chini. Darasa la tatu lingechukuliwa na mwalimu kijana, yaani binti yake.

Wakakutana kwenye ngazi, mmoja anashuka na mkoba, mwingine anapanda na mkoba.

"Usiwakanyagishe," Bi Kishindo alisema.

"Sitawakanyagisha, Mama Mkubwa."

"Niapie."

"Haki ya Mungu."

Na alikuwa na nia, binti wa watu. Siku tatu alijitahidi kwa vifungo. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa anasimama mlangoni, anauliza maswali, watoto hawajui, anatikisa kichwa. "Mkaguzi anarudi mwisho wa mwezi," alimwambia. "Ukitaka kuthibitishwa kazini, rudisha ule mtindo. Fundi alishasema ni lipu." Na watoto wenyewe walikuwa wanaomba, Mwalimu tukanyage, kidogo tu, tutakumbuka. Siku ya nne, Bi Kishindo yuko chini anawaonyesha wadogo namna ya kushika penseli, ndipo akasikia juu ya kichwa chake: puu. Saba.

Akajua hata zamu ya safu gani. Kumi na nne. Ishirini na moja. Unga ukaanza kushuka, mwepesi, ukatua kwenye nywele za watoto wa miaka sita nao wakacheka, wakapangusana. Mmoja akauliza kama ni mvua.

"Simameni," akawaambia. "Tunatoka. Shikaneni mikono."

Tangu siku hiyo wakawa wanatoka kila kishindo kilipoanza. Aliwakalisha uwanjani, mbali na ukuta, akawafundisha irabu kwa kuchora mchangani. Mwalimu Mkuu akamwandikia barua ya kwanza, kisha ya pili. Jioni alikwenda nyumbani kwa binti, akagonga, akaongea naye mpaka sauti ikamwisha. Binti alilia. "Wakinifukuza nitakwenda wapi? Na wewe ndiye uliyeanzisha, Mama Mkubwa. Kwako ilikuwa sifa, kwangu imekuwa kosa?" Bi Kishindo akamfuta machozi. Alirudi akihesabu siku kwa vidole. Kumi na nane za Rula. Zilikuwa zimepita kumi na mbili. Bado sita, aliwaza, nitakwenda kwa wazazi Jumamosi, nyumba hadi nyumba, nitawapigia magoti.

Hazikuwa sita. Rula alikuwa amezidisha sawasawa, lakini alipima mwendo wa ufa wakati darasa linakanyaga mara moja kwa siku. Binti, kwa kumwogopa mkaguzi, alikuwa anawakanyagisha asubuhi na mchana.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, siku nzuri tu. Vishindo vilianza, Bi Kishindo akawatoa wadogo, akawahesabu uwanjani, wote wapo. Akarudi kuchukua boksi la chaki. Akiwa katikati ya chumba kitupu aliinua macho. Ufa ulikuwa umetokea upande wa chini. Haukuwa uzi tena. Kidole kingeingia, na ulikuwa umefika kwenye nguzo.

Siku zote aliwaza watoto wa chini. Wote waliowaza, hata binti, waliwaza kitakachowaangukia wadogo. Hao alikuwa amekwishawatoa. Na hapo, akiwa ameshika boksi la chaki, ndipo lilipomjia kwamba sakafu ikishuka haishuki peke yake.

Alipanda ngazi mbili mbili, mwanamke wa umri ule. Akausukuma mlango.

"Acheni! Tokeni nje!"

Kumbe walikuwa wamemkumbuka. Arobaini na wawili walimwona mwalimu wao mlangoni, aliyeondoka bila kuwaaga, na nyuso zote zikawaka. "Bi Kishindo!" mmoja alipayuka, jina la siri likatoka hadharani, darasa likaangua kicheko. Hawakusikia alichosema. Walitaka kumwonyesha kwamba wanajua, kwamba ile siku ya mkaguzi ilikuwa bahati mbaya tu. Hakuna aliyewaamuru. Safu ya kwanza ikaanza yenyewe. Saba! Binti alinyoosha mikono, akapiga kelele naye. Kumi na nne! Bi Kishindo alimshika wa karibu akamvuta mlangoni, na wa pili, na wa tatu, nao wakicheka wakakanyaga hapo hapo kwenye kizingiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyewazoeza, miaka na miaka, kwamba wakishaanza jedwali hawasimami, hata mgeni aingie, hata kengele ilie. Thelathini na tano! Dirishani, katika safu iliyokuwa inangoja zamu yake, Rula peke yake alikuwa ameipandisha miguu yote miwili juu ya benchi, amekumbatia magoti, anamtazama mwalimu wake. Halafu safu ya sita ikasimama.

Zilikwenda safu mbili za dirishani. Upande wa mlangoni ulibaki, umening'inia, watoto wamekumbatiana na binti kwenye nguzo. Uwanjani wadogo waliona wingu jeupe likitoka madirishani wakapiga makofi. Kumi na wanne walishuka na sakafu. Rula alivunjika mkono na mbavu. Watatu walizikwa wiki ile ile.

Wakaja watu wa ofisini na mafaili, wakaita mkutano uwanjani, wazazi wote wamesimama. Fundi hakuonekana. Mwalimu Mkuu alieleza kwa sauti laini kwamba jengo lilikuwa imara, ila kulikuwa na mtindo fulani wa kufundisha ambao yeye hakuwahi kuuidhinisha. Binti alikuwa mstari wa mbele.

"Nani aliwafundisha watoto kukanyaga?" mwenye faili akauliza.

Mwalimu Mkuu akamtazama binti. Bi Kishindo akasimama kabla binti hajafungua mdomo.

"Mimi."

Akataka kuendelea, kusema ufa, kusema barua, kusema lipu, na angeyasema yote, alikuwa ameyaandika. Lakini nyuma ya umati mwanamke mmoja akapita katikati ya watu akaja mpaka mbele. Alikuwa yule nesi wa zahanati. Mwanawe alikuwa mmoja wa wale watatu. Hakuwa na hasira usoni, hakuwa na kitu chochote.

"Mimi pia ulinifundisha hivyo, Mwalimu," alisema. "Mbona mimi sikuanguka?"

Jibu lilikuwepo, fupi, la udongo uliokuwa chini ya sakafu ile ya zamani, na lingewatosha watu wa mafaili. Bi Kishindo alimtazama mwanafunzi wake, akafungua mdomo, na sauti yake ile ya darasani haikutoka.